Mamangu ana mtoto wa jicho ila hataki kupasuliwa, kaambiwa jicho hutolewa likaoshwa

bint_likoni, Jumanne saa 4 usiku

Asalaam aleikum na habari zenu wadau. Naomba msaada wa mawazo hapa maana nyumbani hatusikilizani tena. Mamangu ana miaka 68, ni mpishi wa mahamri na mbaazi za nazi, anauza asubuhi hapa kwetu Likoni toka mie sijazaliwa. Mwishoni mwa mwaka jana tukaanza kuona mambo, mara atie chumvi mara mbili, mara chai aimwage kando ya kikombe, mchele auchague nusu saa na bado mawe tunayatafuna sisi. Tukasema uzee. Juzi akaenda kugeuza mahamri akashika ukingo wa karai na mkono mtupu, ndo tukashtuka.

Tumempeleka, daktari kamulika akasema ni mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia ndo limezidi, hilo hata wewe ukimtazama waona kweupe katikati kama nyama ya dafu. Karatasi ya kwenda kupasuliwa tunayo. Sasa shida ni jirani yetu mmoja kamwambia eti daktari hulitoa jicho zima akaliweka kwenye sahani, akalisugua, kisha akalirudisha, na wengine likirudishwa halikai sawa. Basi mama kagoma. "Mie jicho langu si kikombe." Kila usiku anatia asali, na jicho sasa ni jekundu linatoka machozi.

Nataka kujua kwa mtu aliyepitia au anayefanya kazi huko, kweli jicho hutolewa? Atalazwa? Atachomwa dawa ya usingizi, maana ana sukari na presha na mie hiyo ya usingizi ndo yanitia hofu. Na jambo ambalo daktari hatukumuuliza kwa haraka, atakaa siku ngapi mbali na moto na moshi? Yeye ndiye analisha nyumba, mie na ndugu zangu vibarua tu.


kaka_wa_tudor

Dada asali mkomeshe usiku huu huu, mengine yafuate. Asali ni ya mkate.


sista_wa_macho

Pole na kuuguza bint_likoni. Mie ni nesi, nimekaa kliniki ya macho hapa Mombasa miaka mingi na hilo la sahani nalisikia kila wiki, wallahi kila wiki, kuna bwana alishaniuliza kama tukilitoa tunaliosha kwa maji ya chumvi ama ya mfereji.

Halitolewi. Na haliwezi kutolewa likarudishwa likaona, kwa sababu nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo, ukikatwa ule basi, hakuna daktari duniani anayeuunga. Kinachotolewa ni lensi peke yake, kitu kidogo kiko ndani nyuma ya mboni, umbo lake kama punje ya dengu. Mama ni mpishi kwa hivyo mwambie hivi: lensi ya kijana ni kama ute wa yai bichi, waona mpaka chini ya bakuli. Miaka ikienda, na sukari huharakisha, ule ute ni kama umetiwa motoni, unageuka mweupe. Sasa yai likishaiva hata ulitie asali, maziwa ya mama anyonyeshaye, sijui maji ya nini, halirudi kuwa bichi. Ndo maana hakuna dawa ya matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho, anayekuuzia anakula pesa zako. Na hiyo asali ikileta kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho, operesheni yenyewe itabidi ingoje mpaka jicho lipoe, kwa hivyo huo wekundu mpeleke uangaliwe mapema, usingoje siku ya miadi.

Sasa siku zenyewe huwa hivi. Kuna siku ya kwanza ya vipimo, atasomeshwa zile herufi ukutani, atatiwa dawa ya kupanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho, na hapo muende naye mtu kwa sababu kwa saa kadhaa ataona ukungu na jua litamuumiza, asije akavuka feri peke yake. Nyuma ya jicho ni muhimu sana kwa mwenye sukari, maana sukari ikiwa imeshaharibu pazia la nyuma, lensi mpya haitarudisha macho yote, na ni vizuri muambiwe mapema musije mkalaumu mtu baadaye. Kisha jicho linapimwa urefu na mkunjo wake ili kujua lensi ya nguvu gani itawekwa, si kila mtu huwekewa sawa, ni kama viatu. Presha na sukari zinapimwa, na zikiwa juu sana wanarudishwa nyumbani wazishushe kwanza. Hilo hukasirisha watu lakini ni kwa usalama wao, sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na vidudu hupata nafasi.

Siku ya operesheni aoge vizuri na kichwa aoshe kabisa maana baadaye atakaa siku bila kumwagia maji kichwani, asipake wanja, dawa zake za presha na sukari azibebe na afuate alivyoambiwa kuhusu kula, kila kituo kina utaratibu wake na wengi wa ganzi huruhusiwa kunywa chai. Usingizi HACHOMWI kwa kawaida, hiyo ni ya watoto na wale wasioweza kutulia. Anapata ganzi, sindano kando ya jicho, atahisi kuchomwa na kubanwa kidogo halafu basi, jicho linalala. Uso unafunikwa kitambaa chenye tundu, kope zinazuiwa na kichuma kidogo kwa hivyo asiwe na wasiwasi kwamba atapepesa. Daktari anafungua mlango mdogo kando ya kioo cha jicho, kwa njia ya mkono ni kama milimita 6 au 7, kwa ile ya mashine ni 2 au 3, lensi iliyoiva inatoka, mpya inaingia. Mara nyingi hakuna hata uzi, kidonda hujifunga chenyewe. Dakika 15 mpaka 30 kashamaliza. Anafungwa bandeji, anakunywa chai, anarudi kwake siku hiyo hiyo, kesho yake anakuja kufunguliwa. Wanaotoka mbali wengine hulazwa usiku mmoja kwa ajili ya usafiri tu.

Muhimu umuulize, je aweza kulala chali nusu saa bila kukohoa? Kama ana kikohozi ama pumu semeni mapema. Mgonjwa akikohoa ghafla daktari yuko ndani ya jicho si jambo dogo.

Ya moto na moshi nakuja, acha nimalize zamu.


shosti_kisauni

Mbona msimfanyie ya leza tu jamani, hii ya kisu ni mambo ya zamani. Halati yangu alifanyiwa leza dakika tano akatoka anatembea hakuna bandeji hakuna nini. Pia mie nliambiwa usikimbilie, ngoja mpaka liive kabisa ndo litoke zima zima.


mzee_wa_marikiti

Bint_likoni mwanangu, mie nina miaka 73 na nimepasuliwa yote mawili kwa hivyo usimsikize jirani, nisikize mie niliyelala kile kitanda.

Kwanza nlikwenda nikiwa nimesoma yasini mara ngapi sijui. Ile sindano iliniuma kama ya ganzi ya jino, chini ya hapo. Halafu hakuna kitu, wasikia watu wakizungumza, wasikia maji baridi yakimiminika shavuni, na taa naona lakini si kama taa, ni rangi, buluu na waridi zikiogelea kama mafuta ya mashua juu ya maji. Kumbe hapo lensi ishatoka. Nilitaka kuuliza kitu nikakumbuka nimekatazwa kuongea, nikatulia. Daktari alikuwa ananambia kila hatua, "mzee sasa utahisi nabana kidogo", hiyo ilinisaidia kuliko dawa.

Lakini nna jambo la kuwaambia wenye baba zao. Jicho la kwanza nlikuwa natumia dawa ya mkojo ya kibofu, ile tamsulosini tunayopewa wazee wenye tezi dume, na pale nlipokwenda hawakuniuliza na mie sikusema, nlidhani ya mkojo na ya jicho wapi na wapi. Kumbe ile dawa hulegeza ule utando wa rangi ndani ya jicho, mboni haifunguki vizuri, daktari akahangika nami karibu saa nzima. Alhamdulillah ilitoka salama. Jicho la pili nlikwenda sehemu nyingine na mfuko mzima wa dawa nikaumwaga mezani, hata zile za kupunguza damu nene, nikasema haya someni. Na kuacha dawa kwa kichwa chako pia usifanye, wewe sema tu wao ndo waamue.

Mama umwambie mzee wa Marikiti asema sasa naona bei ya samaki kabla muuzaji hajanidanganya.


sista_wa_macho

Shikamoo mzee wa Marikiti, umenifanyia nusu ya kazi.

shosti_kisauni sina nia ya kukukosoa shoga yangu lakini hapo kuna mambo mawili yamechanganyika. Ile mashine ya tundu dogo haitumii leza, inavunjavunja lensi kwa mawimbi ya sauti halafu inaivuta. Halati yako mie nadhani alikuwa ameshapasuliwa zamani, si ndiyo? Maana lensi mpya hukaa ndani ya kijifuko cha ile ya zamani, na kwa watu wengine miezi au miaka baadaye ule utando wa nyuma wa kijifuko huingia ukungu, watu wakasema mtoto wa jicho karudi. Harudi huyo. Hapo ndo leza hutoboa ule utando, ni dakika chache kweli, hakuna kisu wala bandeji.

Na kungoja liive ni maneno ya zamani, siku hizo lensi ilikuwa inatolewa nzima. Siku hizi ukingoja sana linakuwa gumu kama kokwa, kulitoa ni shida zaidi, na likipitiliza laweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, jicho likauma vibaya na ile presha ikaua mshipa. Huyo mama la kulia lishakuwa jeupe kama dafu, asingoje.

Moto sasa. Dada, nitakwambia ukweli hata kama hautaupenda. Siku za mwanzo kuosha vyombo vyepesi, kukaa, kutembea, kusali, hata runinga atazame, haidhuru. Lakini jiko la makaa, moshi wa kuni, mafuta yanayoruka, kukuna nazi ameinama kwenye mbuzi, kubeba ndoo, hayo sisi huwaambia wiki nne, na huko mtakapokwenda watakupeni hesabu yao muifuate hiyo. Maji yasiingie jichoni wiki mbili za mwanzo, asisugue hata likiwasha, na usiku avae kile kikombe cha plastiki ili asijisugue usingizini. Baharini asahau kwa mwezi.


kijana_wa_bamburi

Kuhusu pesa, angalieni SHA yake, ile bima ya afya ya serikali hapa Kenya, kabla ya yote. Watu wengi wanadhani ukishapiga *147# ukasajiliwa basi umemaliza. Kusajiliwa ni bure, na kliniki ndogo za chini utatibiwa, lakini mambo ya kupasuliwa hospitali kubwa yanataka mchango uwe umelipwa, na kwa sisi tusioajiriwa hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo baada ya kujibu yale maswali yao ya paa la mabati na choo. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Si kama NHIF ya zamani ulipe mwezi mmoja mmoja, hiyo iliisha toka SHA ianze 1 Oktoba 2024. Sisi tulifika dirishani na babangu ndo tukaambiwa hajalipiwa, tukarudi nyumbani na siku yetu ikapotea. Na ulizia kwenye kituo chenyewe SHA inalipa kiasi gani na nyinyi mnaongeza kiasi gani, na kama lensi imo au ni kando. Uliza kabla hujavua viatu.

Pia kuna kambi za macho hutangazwa misikitini na makanisani, muwe mnasikiliza.


bint_likoni

Mwenyezi Mungu awalipe nyote, nimemsomea mama yote haya neno kwa neno, ile ya yai imemwingia kabisa, kanyamaza muda mrefu halafu akasema "kumbe ni yai". Lakini ana maswali mapya, msinichoke. Moja, hiyo lensi mpya ni ya nini, plastiki? Haiozi? Haitatoka akikohoa? Mbili, udhu na sijda atafanyaje?


kaka_wa_tudor

La plastiki niachieni mie nililisoma zamani likanifurahisha. Daktari mmoja wa London, Harold Ridley, wakati wa vita kuu ya pili alikuwa akiwatibu marubani ambao vioo vya ndege vilipasuka vikawaingia machoni. Akaona vipande vya ile plastiki vimekaa ndani ya jicho na jicho halivimbi wala halioni kama kuna mgeni. Mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lensi ya plastiki ya aina hiyo, ya kwanza duniani. Wenzake wengi walimpinga miaka na miaka. Kwa hivyo mwambie mama haiozi, atazikwa nayo baada ya umri mrefu inshallah.


mzee_wa_marikiti

Haitoki mwanangu. Mie nimekohoa, nimepiga chafya, nimegombana na watu wa kaunti, iko pale pale.

Ibada, mie imamu wetu alinambia jicho lenye bandeji hulipitishii maji, wapangusa juu yake kwa mkono ulioroa, na daktari akikukataza kuinama basi wasali kwenye kiti na sijda kwa ishara. Nilifanya hivyo wiki mbili. Muulize na sheikh wenu mtaani roho ya mama itulie, sisi wazee twataka kusikia kwa mtu tunayemjua.


bint_likoni, wiki tano baadaye

Narudi na habari. Kapasuliwa la kulia! Ilichelewa wiki nzima kwa ule wekundu wa asali, sista ulisema, na sukari pia ilikuwa juu. Siku yenyewe aliingia akinishika mkono kama mtoto wa chekechea, akatoka anauliza "ndo kwisha?" Kulipofunguliwa bandeji kesho yake aliona ukungu, nikaogopa, nesi akasema utapungua, siku ya tatu ukaisha kweli. Jioni hiyo akaitazama leso yake anayovaa kila siku akanambia mbona umenibadilishia, yangu ni ya hudhurungi. Leso ni zambarau jamani, alininunulisha mwenyewe Biashara Street. Miaka yote hiyo alikuwa anaona hudhurungi.

Jirani alikuja kutazama. Mama akamwambia sahani hajaiona, labda walikuwa wameiosha.

Biashara mdogo wangu wa kike ndo anaishika, mahamri yake magumu lakini wateja wanavumilia, mama anakaa mbali kwenye kiti anatoa amri. Kumzuia asiende kwa karai ndo kazi kubwa kuliko operesheni.

Sasa swali, sista kama uko. Alipewa dawa mbili za matone, ile ya kuzuia vidudu imeshaisha kama ilivyoandikwa, lakini ile nyingine ya kupunguza uvimbe alikuwa anatia matone matatu matatu kwa kuogopa kukosea, imeisha na karatasi inasema bado siku tisa. Jicho halimuumi, kaona vizuri. Ninunue nyingine duka la dawa ama tuache tu maana kashapona?


sista_wa_macho

Mashallah, nimecheka peke yangu kwa hiyo ya sahani.

Usiache na usinunue, mpeleke kliniki kesho na chupa mkononi. Hiyo ya uvimbe hupunguzwa pole pole, ukiikata ghafla uvimbe waweza kurudi, na ukiitia ovyo kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho bila mtu kuhisi kitu. Watampima na kumpa anachohitaji. Na tone ni moja, la pili humwagika shavuni. Anawe mikono, avute kope ya chini, tone moja, afumbe jicho dakika moja au mbili, ncha ya chupa isiguse jicho.

Na usiku huu likianza kuuma, likawa jekundu zaidi, usaha, ama kuona kukapungua, ama akaona kama radi na nzi wengi weusi, msingoje kesho, hata kama ni saa nane za usiku mvuke.


bint_likoni

Hakuna hata moja ya hayo. Tunavuka na feri ya saa kumi na mbili asubuhi, ameshachagua leso ya kuvaa.